Kura Moja

Msimu ungali mbichi, wanasema pale kwa Lorene.
Jumatatu, saa moja asubuhi, theluji ya kwanza
imeshika vioo vya magari kama unga uliomwagika.
Delbert kinyozi ametandaza gazeti juu ya siagi,
anatusaka kwenye ishirini na tano bora.
"Hatumo," asema. "Lini tuliwahi kuwamo?"
"Shuka," namwambia. "Soma maandishi madogo."

Mimi ndiye nifuaye jezi. Mwaka wa ishirini na mbili huu.
Aprili nilikaa na wembe chini ya taa
nikifumua majina, herufi baada ya herufi:
vijana saba waliofungasha virago
kwenda kwenye kumbi kubwa na mikoba minene.
Siwalaumu. Kizuri chajiuza.
Ila jina la Dobbins lilinichelewesha;
nyuzi zake nilizitia kwenye kopo la biskuti,
sijui za nini.
Zamani mtoto alikaa miaka minne,
nikajua goti limeanza kumuuma
kwa namna alivyokunja soksi.
Siku hizi kila vuli najifunza majina upya.
Kristers, Mlatvia, huinama mlangoni pangu
na kusema asante kama anayeomba radhi.

Jumamosi tulipanda basi kwenda kwa vigogo,
nambari tisa nchini.
Walikuwa wametununua. Hakuna neno jingine:
hundi ya dola elfu tisini,
njooni mpigwe, mrudi kwenu mkaezeke paa.
Na kweli paa letu linavuja,
tone kwa tone, pale pa mitupo huru.
Ile ndoo ya njano tunaiita mchezaji wa sita.

Watu elfu kumi na nne. Tarumbeta. Moshi wa bandia.
Dobbins amevaa bluu,
jina lake limebandikwa kwa mashine, halina mshono.
Kocha Strand hakuhutubu.
"Hundi imeshaandikwa," alisema. "Sasa chezeni bure."

Wakacheza bure.
Sitawasimulia yote; nusu ya pili niliitazama
kupitia matundu ya taulo.
Zilibaki sekunde nne, tuko nyuma kwa pointi mbili.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ndivyo ilivyonenwa,
lakini Kristers ukingoni ndipo alipoanzia:
kona ya kushoto, kisigino unywele mmoja na mstari,
Dobbins amemrukia na mikono yote miwili.
Mpira ukazunguka mdomo wa chuma mara mbili
kama paka anayetafuta pa kulala,
ukalala.

Sijawahi kusikia watu elfu kumi na nne wakinyamaza.
Ni kama mashine inapozima yenyewe
na nguo zingali majini.

Dobbins alinikuta kwenye ujia, nikihesabu taulo.
"Bibi Oleta, bado unatumia ile sabuni ya kijani?"
"Bado."
Akavuta kola ya jezi yake, akainusa,
akataka kusema kitu.
Wakamwita.

"Ohoo," asema Delbert, kidole kimeganda.
*Wengine waliopata kura.* Jina letu mkiani,
na kando yake: moja.
Mgahawa mzima ukaacha vijiko.
Nani huyo? Mlevi fulani wa Oregon?
Mtu aliyekosea tahajia?
Lorene asema nyota njema huonekana asubuhi.
Delbert asema Novemba haijawahi kuwa Machi,
na kwamba Januari tutachapwa na vyuo
ambavyo hata basi la kuazima havina.
Wakabishana hadi mayai yakapoa.
Delbert akachana kile kipande cha gazeti,
kikiwa na siagi hivyo hivyo, akakitia kwenye pochi.

Mimi nimeshainuka. Alhamisi tuko nyumbani,
watu mia sita na ndoo yao.
Jezi kumi na tano zinaningoja,
na ya Kristers ina damu ya kiwiko.
Hiyo hutoka kwa maji baridi tu.
Ya moto huigandisha.